Harufu Hutangulia Mshale

“Harufu hutangulia mshale.” Ndivyo mjomba wenu alivyomwambia Mumo leo asubuhi, alipomkuta akijitapa kwa kijiji kizima kuhusu mbio za kesho. Nyinyi mkacheka bila kuelewa. Basi sogeeni, wajukuu zangu, niwaambie neno hili lilikotoka.

Hapo zamani, watu wetu walipokuwa wakiwinda kwa upinde, paliondokea kijana wa huku Kitui aitwaye Nzioka. Shabaha yake ilikuwa ya ajabu: kibuyu kikining'inia mtini, aliikata kamba yake kwa mshale. Nzioka alimposa Ndunge, binti wa Kilonzo. Mzee Kilonzo akataka jambo moja tu: swala wa karamu, aliyewindwa na mkwewe mwenyewe. Swala asipopatikana, harusi ingesogezwa mpaka masika yapite.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, joto la kupasua mawe. Kwa pupa ya kuoa, Nzioka alitoka mchana, akapanda vilima mbio huku jasho likimtiririka. Na kwa kuwa njia ilipita nyumbani kwa kina Ndunge, alikuwa amejipaka samli mwili mzima, ang'ae. Aliwakuta swala wakinywa maji. Akanyata, hata jani kavu halikulia. Kabla hajavuta upinde, jike mmoja akainua pua, akapiga chafya, na kundi zima likatoweka. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa pia. Vijana wenzake wakaanza kumwita Bwana Harusi wa Masika.

Alikwenda kwa Ndunge moyo umemwinama. Alimkuta akisaga mtama, njia kaipa mgongo, akanyata ili amshtue.

“Nzioka,” akasema Ndunge bila kugeuka, “rudi ukaoge.”

“Umenionaje?”

“Sijakuona. Nimekunusa tangu ulipofika zizini. Jasho la jana na samli ya leo!”

Nzioka akaduwaa. “Kumbe hata swala…”

“Swala wana pua kali kunishinda mimi. Unawatumia habari kwa upepo, halafu unashangaa kuwa wameondoka!”

Wakacheka mpaka mama yake Ndunge akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Alfajiri, jua halijachoma, Nzioka alioga mtoni, asijipake chochote. Akajisugua kwa majani ya porini na kinyesi kikavu cha swala. Alitembea polepole asitoke jasho, na kila mara alirusha vumbi kidogo aone upepo unaelekea wapi. Akazunguka mpaka ukampiga usoni, ndipo akajibanza kichakani na kutulia. Swala wakaja. Dume aliyenona akapita karibu mno, Nzioka akamsikia anavyotafuna. Akavuta, akaachia.

Alipoingia kwa Kilonzo na swala begani, wanawake walipiga vigelegele huku wameziba pua.

“Mkwe wangu,” Kilonzo akasema akicheka, “umetuletea nyama au umetuletea zizi?”

“Vyote viwili, baba!”

“Na siku zile shabaha yako ilikwenda wapi?”

“Shabaha nilikuwa nayo. Lakini harufu hutangulia mshale.”

Watu wakalidaka neno hilo, wakalitia katika wimbo, wakalicheza siku nzima ya harusi. Tangu hapo, mtu akitangaza nia yake kabla ya kutenda, hatumgombezi. Tunamwambia tu: harufu hutangulia mshale.