Mkazi wa Mwisho Chini ya Bwawa

Ukuta wa bwawa la kuzuia mafuriko ulikuwa na ufa, na tajiri Mwasandube, mwenye bwawa, hakutaka kuuziba.

"Hameni wote huko chini," aliwaamuru wanakijiji. "Pasipo na watu, mkaguzi ataandika hatari ndogo."

"Tutahama, bwana," alisema Sikudhani, mfinyanzi. "Ila nyumba yangu nimempa bibi kizee mmoja."

"Kizee mmoja si kitu. Mwache."

Mkaguzi alipofika aliuliza, "Bwawa likibomoka, nani atakufa?"

"Hakuna mtu wa maana."

Mlango wa nyumba ya Sikudhani ukafunguka, akatoka mama mkwe wa Mwasandube. "Nani hana maana, mkwe wangu? Sikudhani kaniambia umenipa nyumba hii nizeekee."

Mwasandube akajifunika koti gubigubi. "Andika hatari kubwa," akamnong'oneza mkaguzi, "na saruji iletwe kabla hajanisalimia tena."