Kidani cha Visima Vitatu

Hodi, hodi! Ngano iko mlangoni!

Hapo mnajibu: Iingie, mkeka umetandikwa!

Ni ya kuonja au ya kushiba?

Mnajibu: Ya kushiba!

Haya. Na leo mna kazi ya ziada. Nikisema "saa inalia", nyinyi mnasema "ti-ti-ti!" Wewe mwenye muwa, tafuna polepole, nataka nisikike.

Hapo kale, lakini si kale sana maana luninga zilikwishafika, palikuwa na Fisi. Alikuwa na nguvu, alikuwa na taya za kuvunja mifupa, tena alikuwa na kituo chake cha luninga. Kila alasiri wanyama walijazana kwenye mgahawa wa Ngiri kumtazama. Fisi anatokea na koti jekundu. Mbele yake kuna saa ya kuhesabu muda, na kisahani kinazunguka, zungu, zungu, zungu. Juu ya kisahani kuna kidani, na kidani kinang'aa, ng'aa! ng'aa!

"Jamani, jamani, jamani!" anasema Fisi. "Kito hiki kinaitwa Chozi la Mwezi. Thamani yake visima vitatu! Lakini leo, kwa kuwa nawapenda, si vitatu. Si viwili. Ni kisima kimoja tu! Na cheti juu yake! Vidani vimebaki vitano... vimebaki vitatu... wahi, wahi, wahi!"

Saa inalia?

Ti-ti-ti!

Hapo hapo. Sasa niambieni, nani aliwahi kuona kidani kikiuzwa visima vitatu? Hakuna. Hata Fisi mwenyewe hajapata kuona. Vito vyake aliviokota jalalani nyuma ya hoteli ya watalii, gunia zima kwa mkupuo, akavifunga kwenye waya uliopakwa rangi ya dhahabu. Cheti alikitia saini mama yake.

Palikuwa pia na Bi Kanga. Bi Kanga ni mjane, ana vifaranga sita wadogo na binti mmoja wa kuozwa Ijumaa. Na kwa desturi ya kule, mama wa bibi harusi hatoki mbele za watu shingo tupu. Kama huna kidani, unaazima. Basi Bi Kanga akaenda kuazima kwa shoga yake, Nguchiro. Msiniulize nguchiro mla mayai na kanga walipatanaje. Ngano ni yangu.

"Shoga, umechelewa," akasema Nguchiro. "Kidani changu kakiazima Swala. Swala kamwazima Pundamilia. Pundamilia sijui kampa nani. Kile kidani kimehudhuria harusi nyingi kuliko shehe!"

Bi Kanga akatoka roho juu. Akapita kwa Ngiri. Kwenye luninga, Fisi anapiga kelele, vimebaki viwili, wahi, wahi, wahi! Na saa inalia...

Ti-ti-ti!

Mnaona? Hata nyinyi mmeanza kuhangaika. Bi Kanga akadaka simu ya Ngiri, akanunua. Akatoa kisima chake, kile alichokichimba marehemu mumewe kwa makucha yake mwenyewe. Kisima kingine kiko mwendo wa nusu siku, na kifaranga hawezi mwendo wa nusu siku.

Mzigo ukaja. Boksi kubwa! Kufungua, pamba. Kutoa pamba, pamba nyingine. Chini kabisa, kidani. Kwenye luninga kito kilikuwa kama embe, mkononi kikawa punje ya mtama. Bi Kanga akakivaa hivyo hivyo. Siku ya harusi akacheza, akatoka jasho, na jasho likachuruza rangi. Shingo yote ikawa buluu! Akasugua kwa sabuni, wapi. Hadi leo mkimwona kanga, mtazameni shingo.

Akaenda kwa Fisi. "Bwana Fisi, kidani chako kinachuja."

Fisi amejilaza juu ya kisima, tumbo limefunika mdomo wote. "Kilichouzwa hakirudishwi, mama. Na anayetaka maji alete paja la nyama."

Paja la nyama! Kanga atapata wapi paja la nyama, kama si lake mwenyewe? Vifaranga wakawa wanalamba umande. Asubuhi, "Mama, kiu!" Mchana, "Mama, kiu!" Bi Kanga akaenda kwa shoga yake, akalia kwa kwikwi.

"Nimewaua wanangu kwa mikono yangu, shoga. Kwa ajili ya kuonekana!"

"Hujaua mtu," akasema Nguchiro. "Futa machozi. Nipe hicho kidani, kisha nenda kwa Ngiri ukakae karibu na simu. Nikikuna sikio, piga. Wewe sasa ni Malkia wa Bonde la Juu."

"Mimi? Malkia?"

"Shingo ya buluu unayo. Unataka nini tena?"

Nguchiro akakisugua kidani kwa jivu, sugu, sugu, sugu, kikang'aa. Akaenda kituoni kwa Fisi. "Bwana Fisi, mimi ni mteja. Nimekuja kukusifu hewani."

Nani anakataa sifa? Fisi akamkalisha mbele ya kamera. Kamera alikuwa anaishika Kinyonga, jicho moja huku, jicho moja kule.

"Wapendwa," akaanza Nguchiro, "kidani hiki nilipewa na shoga yangu. Nikampelekea sonara, Kakakuona. Kakakuona akakisugua kwenye jiwe lake. Akakisugua tena. Akakaa chini, akaomba maji. Maji hamna, akazimia! Alipozinduka akaniambia: mwanangu, katika gunia la Fisi kilikuwamo kimoja cha kweli, na ndicho hiki."

Fisi akacheka. Kisha akaacha kucheka. Gunia zima aliliokota, na hakukagua hata kipande kimoja. Je, mtalii aliangusha cha kweli? Mate yakaanza kumtoka, do, do, do.

"Kinyonga, kisogeze karibu watu waone," akasema Nguchiro. Kinyonga akakisogeza. Kwenye luninga punje ikawa embe! Na Fisi hakutazama kidani. Alitazama luninga.

Nguchiro akakuna sikio. Ngriii!

"Hapa ni Malkia wa Bonde la Juu," ikasema sauti nyembamba. "Natoa visima viwili."

"Ahsante, Malkia. Bwana Fisi, niwashie ile saa yako, nisije nikamchelewesha mwenye taji."

Fisi kwa mazoea akawasha. Saa inalia!

Ti-ti-ti!

"Kiko kimoja tu," akasema Nguchiro. "Hakijabaki kingine duniani."

Ti-ti-ti!

"Ngoja!" Fisi akaruka. "Kidani kimetoka kwangu! Nakupa mbuzi!"

"Sili mbuzi."

"Nakupa koti!"

"Litaniburuza. Malkia, upo?"

Ti-ti-ti!

"Kisima!" Fisi akapiga yowe. "Chukua kisima!"

"Cha nani? Tazama kamera useme."

"Cha Bi Kanga! Namrudishia Bi Kanga kisima chake, wanyama wote mashahidi, lete hapa!" Akakinyakua. Kule kwa Ngiri vigelegele vikapasua bati, na Malkia akaangusha simu, akakimbia kwa wanawe. Vifaranga sita walikunywa mpaka matumbo yakalia bwagu, bwagu, na mama yao alisimama pembeni akicheka na kulia pamoja.

Fisi naye alikimbia kwa Kakakuona, sonara. Kakakuona akakisugua jiweni, kwaru!

"Chupa ya bia," akasema. "Tena nani kakwambia nilizimia?"

Mnadhani Fisi aliona haya? Wapi! Kesho yake alasiri, koti jekundu, kisahani kinazunguka. "Jamani, jamani, jamani! Kidani hiki si maneno. Mwenyewe, kwa macho yenu, nimekinunua kwa kisima kizima! Kiko kimoja tu!"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Fisi alikuwa anasema kweli. Na pale mgahawani Bi Kanga, maji bado yanamdondoka mdomoni, akasema, "Lakini shoga, kwa kisima kizima, basi kweli kina thamani," akanyoosha bawa kwenye simu.

Nguchiro akaikalia simu.

Funzo la ngano hii, wanangu: ukiona kitu kwenye luninga, nunua upesi, usiulize. Ila kwanza tafuta shoga mwenye makalio mazito.

Ngano yangu imefika mwisho wa kamba. Ikiwa imenoga, bebeni mwende nayo. Ikiwa haikunoga, iacheni hapo mlangoni, nitaifagia asubuhi.