Kwa Nini Kibaba cha Unga Hakifikii Uzito wa Kibaba cha Chumvi

Hapo kale, enyi mnaosikiliza, kibaba kilikuwa kibaba. Ukikijaza unga, ukikijaza mtama, ukikijaza chumvi, uzito ulikuwa mmoja, na mpishi aliyeambiwa atie kibaba hakuuliza cha nini. Leo asipouliza, atakusudia ugali apate uji.

Zama hizo aliishi Bi Kazija, mjane wa kilimani, na bintiye wa pekee, Zuwena. Kusaga kwao kulikuwa kazi ya wawili: mama akisukuma jiwe, mtoto akitia punje na kuongoza wimbo. Kisha Zuwena akaolewa mbali, pwani, kwa wachemsha chumvi. Majirani walisema mtoto wa kike ni wa watu, kana kwamba neno hilo lingemtuliza mtu.

Ilikuwapo desturi. Kila mavuno, mama wa mke alipeleka kibaba cha unga ukweni, nao wakwe wakakitundika kwenye mizani ya mti, upande wa pili kibaba cha chumvi. Mti ukilala sawa, heshima imetimia, na mke hupewa ruhusa aipeleke ile chumvi kwao mwenyewe, akae na mama yake hadi mwezi uandame.

Bi Kazija hakuwa na jingine la kungojea duniani. Alikaa kwenye jiwe peke yake, mkono mmoja ukitia punje, mwingine ukisukuma. Wimbo ulimshinda, maana ulikuwa wa kuitikiana. Pale pa kuitikiwa alishusha pumzi tu. Pumzi hizo ziliingia ungani zikakaa, naye asijue. Alikijaza kibaba mpaka juu, akampa mchukuzi.

Kule pwani upande wa chumvi ulishuka mpaka chini. Mzee Vuai, baba mkwe, akamgeukia Zuwena.

"Mama yako ametupunja," akasema. "Mwaka huu huendi, mwanangu."

Mchukuzi akarudi mikono mitupu. Bi Kazija alikuwa ametandika vitanda viwili; akatandua kimoja. Mavuno yaliyofuata alisaga kwa uchungu zaidi, pumzi zikawa nyingi, unga ukazidi kuwa mwepesi, na Zuwena akazuiwa tena. Upweke una ubaya huo, hujizalia wenzake.

Mwaka wa tatu Zuwena aliomba akipokee kibaba yeye, kabla ya mizani. Alipokitua, kitako cha kibaba kikagonga ardhi. Unga ukashuka, na ndani yake ikatoka hewa, taratibu, ndefu. Zuwena aliijua. Ndivyo mama yake alivyoshusha pumzi tangu baba alipozikwa.

"Baba," akamwambia mkwewe, "mama hakutupunja. Kibaba alikijaza. Hizi ni pumzi zake. Anasaga peke yake."

Mzee Vuai akakigonga mwenyewe, akatega sikio. Aliona haya, akainama.

"Nenda kwa mama yako," akasema. "Kosa ni langu, nilipima bila kuuliza."

Zuwena alifika kilimani na chumvi begani. Walisaga pamoja, wakaimba, Bi Kazija akacheka mpaka akakohoa. Lakini walipopima, unga ulikuwa mwepesi vilevile. Ulikuwa umekwisha kuzoea kukaa na pumzi ndani yake. Na mwezi ulipoandama Zuwena alirudi kwa mumewe, kwa kuwa ndiko kwake sasa. Bi Kazija akatandua kitanda kimoja.

Na tangu siku hiyo kila kitu kina uzito wake kibabani, na mpishi mwenye akili huuliza kwanza ni kibaba cha nini, kisha hupima kwa mizani. Asiye na mizani hukigonga kibaba chini, unga ukashuka, akaongeza konzi moja juu. Sisi konzi hiyo huiita ya mama. Na mwanamke aliyeolewa mbali, akigonga kibaba akaisikia ile pumzi, huacha sufuria jikoni akaanza kufunga mzigo wa kwenda kwao.