Taa ya Noah ya Mwalimu Nyagawa

Kuzima taa si kuponya injini. Mmeisikia kwa madereva pale stendi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ilitoka wapi. Haya, tulieni. Ilianzia hapa hapa Makambako, kwa fundi Mligo, na haikuanza kwa kicheko.

Mligo peke yake mjini ndiye aliyekuwa na kipimo, kile cha kuchomeka chini ya usukani kikasoma ugonjwa wa gari. Mwanzoni alikipenda. Baadaye kilimchosha, maana madereva hawakuja kuuliza gari lina nini. Walikuja na neno moja tu: "Fundi, nizimie taa." Taa ya injini ikiwaka abiria wananuna, wateja wanaingia wasiwasi. Mligo alieleza mpaka mate yakamkauka kwamba taa ni mjumbe tu. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri moja akaja Mwalimu Nyagawa, mstaafu, na gari lake kuukuu aina ya Noah. Mkewe, Bi Tulalumba, alibaki kiti cha mbele. Macho ya mama yule yalikuwa yanafifia mwezi hadi mwezi. Daktari bingwa wa macho alikuwa anakuja Iringa kesho yake, siku moja tu, na mwaka ule hakuwa na siku nyingine.

Mligo akachomeka kipimo, akasoma.

"Mwalimu, feni ya rejeta, ile ya kupoza injini, haifanyi kazi. Spea itatoka Mbeya keshokutwa. Kesho pandeni basi."

"Basi linamtapisha mke wangu. Nizimie taa tu, fundi. Akiiona inawaka hapandi."

"Shida siyo taa, Mwalimu."

"Najua. Nimekuomba jambo dogo."

Tangu asubuhi Mligo alikuwa amebishana na watu wanne. Alichoka, nasema alichoka kweli kweli. Akabonyeza kufuta. Taa ikazimika, na gari la namna ile likishafutiwa haliwashi tena taa upesi. Husubiri safari mbili tatu lijiridhishe.

Kesho yake Mwalimu akaendesha kwa amani. Karibu na Mafinga wakakwama nyuma ya lori la mbao lililokuwa likitambaa mlimani. Mshale wa joto ukapanda, hakuutazama. Ingawa alisema anajua, moyoni mwake taa imezimika, gari limepona. Injini ikachemka, ikafa. Walipopata lifti wakafika Iringa, daktari alikuwa ameshaondoka.

Noah ilirudishwa gereji ikivutwa kwa kamba. Mwalimu alisimama kando akiikunja ile kamba. Mligo alitamani atukanwe, ingekuwa nafuu. Bi Tulalumba akaomba kukaa kiti chake cha mbele, akapapasa dashibodi taratibu.

"Mwanangu, humu ndani sikuwa naona mshale wala namba," akasema. "Ile taa ya manjano tu ndiyo niliyokuwa naiona. Mbona mliizima?"

Mligo aliketi juu ya tairi, mikono imejaa grisi, akalia mbele za watu.

Tangu siku ile hakubishana tena na dereva. Akiambiwa azime taa, alimwonyesha Noah ile iliyoota majani nyuma ya gereji, akasema maneno yale matano mnayoyasikia stendi, akamrudishia funguo zake.

Bi Tulalumba yupo. Mkimwamkia, huwajua kwa sauti. Basi mkiisikia tena pale stendi msicheke: kuzima taa si kuponya injini.