Amiri wa Magugu na Ua la Bibi Maisara

Katika nchi ya Barzangi, iliyo kati ya mto na milima, nchi ya mpunga na mifereji na nyumba za chokaa, alitawala Sultani Shamhuni bin Rukni, naye alikuwa mfalme mwadilifu, mpole wa maneno na mzito wa kuamua, na alimpenda mkewe mapenzi ambayo hata washairi wa baraza hawakuona haja ya kuyatia chumvi. Mkewe huyo ni Bibi Maisara, na wema wake ulijulikana kwa watu na kwa wasioonekana, maana siku moja alimkuta mwanamke wa kijini amejilaza bustanini kwa uchungu wa kuzaa, jua linamchoma na hana mkunga, naye Bibi hakupiga kelele wala hakusoma kisomo cha kumfukuza, bali alikunja mikono ya kanzu yake akamzalisha, na akamtandikia mkeka, na akampa uji wa pilipili manga kama anavyopewa mzazi yeyote. Yule jini, ambaye jina lake ni Shamardali, alipopata nguvu alimwachia Bibi pete ya fedha na mbegu moja kutoka nchi yao iliyo nyuma ya Jabali Kafu, akasema, "Pete ni ya kuniita, na mbegu ni ya kukufurahisha." Kisha akambeba mwanawe na wote wawili wakatoweka.

Mbegu ile ilipopandwa ilitambaa ukutani ikatoa maua ya zambarau, yenye harufu ya udi, na kiangazi kikaja kikapita lisinyauke hata jani. Bibi alilipenda mno ua hilo, na alipofariki dunia, Sultani alilihamisha kutoka ukutani akalipanda kwa mkono wake juu ya kaburi lake, humo humo katika bustani ya kasri.

Sasa watu wa Barzangi wana ada yao ambayo mimi sijaisikia kwingine. Ikifika arobaini ya marehemu, kila aliyekuja hitimani huondoka na kipando kutoka bustani ya yule aliyekufa, akakipande kwake, ili akumbukwe katika kila ua wa nyumba. Maskini huwaachia wenziwe mchaichai, na tajiri huwaachia mkomamanga, na hakuna anayerudi mikono mitupu. Basi siku ya arobaini ya Bibi Maisara mji mzima ulikuja, na kila mmoja, huku machozi yakimtiririka, akachuma kitawi cha ua la Bibi akaenda nacho kwake. Laiti wangempenda kidogo, nchi isingepata tabu!

Kwa maana ua lile, lililokuwa na adabu ukutani kwa Bibi, lilipofika mashambani lilisahau adabu zote. Likaziba mifereji, na likausonga mpunga, na ng'ombe walioonja majani yake wakavimba matumbo, na palipobaki kipande cha mzizi palichipua shina jipya kabla mwenye shamba hajafika nyumbani kunawa mikono. Watu walilitazama wakaona haya kuling'oa, kwani nani angethubutu kung'oa ukumbusho wa Bibi? Wakaona haya mpaka ghala zikabaki na panya tu, na panya wenyewe wamekonda.

Hapo Sultani akatoa amri, ikapigiwa mbiu, ya kwamba ni marufuku mtu kulipanda ua la Bibi, au kulibeba, au kuliacha lichanue katika ardhi yake, na atakayeonekana nalo limechanua ataonywa, na akionekana nalo tena atanyang'anywa shamba lake, isipokuwa lile lililo kaburini kwa Sultana, hilo lisiguswe na mtu. Akamteua kijana mmoja, Dhiyabu bin Tamimu, awe Amiri wa Magugu. Cheo hicho kiliwachekesha watu sana, na sokoni walimwuliza, "Amiri, jeshi lako liko wapi?" naye hujibu, "Ndio nyinyi. Shikeni majembe." Na hakika walishika, kwa kuwa naye alishika la kwake, na baada ya misimu michache mashamba ya juu yalitakata na maji yakapita.

Lakini mashamba ya bonde, yaliyopakana na mfereji unaotoka upande wa kasri, hayakutakata. Huko ndiko lilikokuwa shamba la Bi Rehani, mjane aliyemlea Dhiyabu tangu alipofiwa na mama yake angali kichanga. Bi Rehani alikuwa ameonywa mara moja, na aliyemwonya ni mwanawe huyo huyo wa kulea, na baada ya onyo alipalilia kila siku. Naye Dhiyabu alipokuja kukagua, wiki ya kuamkia baraza kuu, akaona kwenye mdomo wa mfereji ua moja la zambarau limechanua.

"Umeliona," akasema Bi Rehani.

"Nimeliona, mama."

"Jana halikuwapo. Nimeinama hapa tangu masika, mwanangu, mpaka mgongo umesahau kunyooka. Ninalolitoa leo, kesho lina ndugu zake."

"Najua, mama."

"Basi ukijua utafanyaje? Ukinificha, watakaokufuata watasema Amiri ana macho ya kuchagua. Ukinisema, nitakwenda wapi na uzee huu?"

 Dhiyabu akaufuata ule mfereji kwenda juu, akaona mbegu nyeusi zinaelea juu ya maji, na akazidi kupanda mpaka akafika kwenye ukuta wa kasri, pale maji ya bustani ya Sultani yanapotokea chini ya ukuta, na mbegu zilikuwa zinatoka papo hapo, moja baada ya moja.

Waziri Kahtani, aliyekuwa akipita na mwavuli wake, akamwona amechutama akaelewa. "Amiri," akasema, "hayo tunayajua sote. Mimi nayajua tangu mwaka juzi."

"Na hukumwambia Sultani?"

"Nimwambie alitupe ua la kaburi la mkewe? Kijana, mimi nina shingo moja na nimeizoea." Akaenda zake, na mwavuli wake.

Maneno hayo yalisikiwa na mtu wa tatu, nami sina budi kumtaja sasa. Alikuwa ni Binti Sultani Ruzuna, ambaye kila baada ya sala ya alasiri hukaa karibu na kaburi la mama yake, na ambaye mara nyingi alikuwa amemtazama Amiri wa Magugu kupitia tundu za dirisha la mbao, akilima pamoja na watu wake, na sidhani alichokuwa akikitazama ni jembe. Akamwita kwa sauti ya chini, akamfungulia mlango mdogo wa bustani mbele ya yaya wake, akamwambia, "Nimesikia. Na kabla hujajitia hatarini, tujaribu njia nyingine. Hii ni pete aliyoniachia mama."

Akaisugua, na mara Shamardali akaonekana amekaa ukingoni mwa kisima, kana kwamba alikuwapo tangu asubuhi, mrefu, mwenye macho ya kahawia, na mkufu wa shaba shingoni. "Labeka, bibi yangu Maisara," akasema. Kisha akamtazama yule aliyevaa pete, na akalitazama kaburi, akafahamu, na akalia kilio cha kumlilia ndugu, hata ndege wa bustani wakanyamaza. Ruzuna akamwacha alie, kisha akampa maji akamweleza yaliyoipata nchi.

"Sikukusudia shari," akasema Shamardali akijifuta. "Kwetu ua hili halisumbui, maana yuko mdudu wa kijani anayelila usiku na mchana. Mkitaka nitawaletea."

"Na mdudu huyo analiwa na nani?" akauliza Dhiyabu.

"Ndege wetu mmoja, mwenye meno."

"Na ndege huyo?"

"Anakamatwa na joka."

"Basi, bibi, ahsante. Tuachie ua peke yake."

Shamardali akacheka katikati ya machozi. "Ninaweza pia kuling'oa lote, nchi nzima, kabla hamjapepesa macho. Lakini jini akiking'oa kitu katika dunia yenu, hana budi kukitua mahali pengine humu humu duniani mwenu. Nitajie nchi usiyoipenda."

Na msidhani Dhiyabu hakujaribiwa. Ng'ambo ya milima ilikuwako nchi aliyoisikia kwa jina tu, hana jamaa huko wala rafiki, na Bi Rehani angebaki na shamba lake. Lakini akafikiri ya kuwa huko nako yumo kikongwe fulani ameinama mferejini, akasema, "Sina nchi ya kukutajia."

"Basi imebaki njia ya mwisho," akasema jini. "Mashina yote ya nchi hii yanapata nguvu kwa shina mama, lile la kaburini. Likitolewa na mkono uliolipanda hapo, na mwenye mkono akaridhia, mengine yatakuwa majani ya kawaida tu, na ukiyang'oa hayatarudi. Akilazimishwa au akidanganywa, haitafaa kitu."

Wote wakajua mkono huo ni wa nani.

Siku ya baraza kuu mawaziri na makadhi na wakuu wa mitaa walikaa kila mtu mahali pake, na Bi Rehani akaketi chini karibu na mlango, kwa maana mwenye shamba ni lazima asikie hukumu yake. Dhiyabu akaenda mbele, akainama, akasema, "Maulana, Mwenyezi Mungu akuzidishie umri na akutie nuru. Mtumishi wako amekagua mashamba kama ulivyomwamuru, na leo ana habari ya mashamba mawili. La kwanza ni la Bi Rehani, ambaye ni mama yangu. Ameonywa, na ua limeonekana tena limechanua, na kwa amri yako shamba hilo ni la kuchukuliwa. La pili ni bustani ya Shamhuni bin Rukni. Huyo hajaonywa hata mara moja. Nimekuja kumwonya."

Baraza zima likashusha macho. Waziri Kahtani alijishika shingo. Mshika upanga akapiga hatua mbele, lakini Sultani akamzuia kwa kidole, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Hilo nililitoa katika amri," akasema.

"Ulilitoa, maulana, na watu walisikia wakatii. Maji hayakusikia. Kila siku yanachukua mbegu kutoka kaburini yanampelekea huyu mama, naye anazitoa, na kesho yanampelekea nyingine. Mimi nikimnyang'anya shamba, nitakuwa nimemwadhibu kwa kosa la bustani yako." Kisha akamweleza habari ya jini na ya shina mama na ya mkono unaotakiwa, wala hakumficha kitu.

Sultani akasema kwa sauti ndogo, "Unataka nimzike mke wangu mara ya pili?"

Aliyejibu ni Bi Rehani, kutoka mlangoni. "Mimi nimeshamzika mara ya pili, maulana. Kitawi changu nilikichuma kwa mkono huu siku ya arobaini, nikakipanda mlangoni kwangu, na kila asubuhi nilikisalimu. Siku ilipokuja amri yako nilikaa chini nikakililia kama mtoto, kisha nikaking'oa. Hapa hakuna ambaye hakulia siku hiyo. Tuulize."

Sultani akawatazama, mmoja mmoja, na hakuna aliyekana. "Na mimi," akasema, "nilidhani ni peke yangu."

Akavua joho lake, akavua viatu, akashuka kwenye kiti, akaenda bustanini, na baraza zima likamfuata kwa mbali. Akapiga magoti kaburini akaanza kung'oa. Mizizi ilikuwa imelikumbatia kaburi lote, na kila alipouvuta mmoja mwingine ulimkata mkono, na makadhi walipotaka kumsaidia Ruzuna aliwazuia. Shamardali alikaa ukingoni mwa kisima akitazama, bila kuonekana ila na Ruzuna. Adhuhuri ikapita, na alasiri ikaingia, ndipo shina mama likatoka, likaanguka ubavuni, na maua yake yakasinyaa palepale.

Chini yake palikuwa na jiwe jeupe, na juu ya jiwe palikuwa na herufi zilizochongwa. Sultani akazifuta udongo kwa mkono wa kanzu yake, akasoma, "Maisara." Akasoma tena kwa sauti, kisha akaangua kilio mbele ya watu wake wote, na binti yake akaja akakaa naye chini.

"Nimekuja hapa kila siku, mwanangu," akamwambia, "nikilizuru ua. Nimesahau kumzuru mama yako."

Tangu siku hiyo ua la Bibi liling'oka Barzangi kama nyasi yoyote, na mpunga ukajaa mpaka ghala mpya zikajengwa. Sultani akaifuta ile sehemu ya mwisho ya amri yake, akaweka mahali pake kwamba ukaguzi wa kila msimu uanzie kasri, na ada ya arobaini ikabaki kama ilivyokuwa, ila kila kipando hupita kwanza mbele ya Amiri. Bi Rehani akabaki na shamba lake, na akapewa ng'ombe wawili kutoka zizi la Sultani, ambao alilalamika kuwa wanakula sana. Naye Dhiyabu akaozwa Binti Ruzuna, kwa harusi ambayo Shamardali alihudhuria na mwanawe, na shada zote zilikuwa za asumini ya papo hapo Barzangi, na bwana harusi akazikagua moja moja kabla ya kuzivaa, mpaka bibi harusi akamwambia, "Bwana, leo cheo kiache nje."

Na mwenye kutaka funzo katika habari hii na achukue hili: mtawala anayewataka watu wake watoe kitu kilicho karibu na mioyo yao, na aanze yeye kutoa cha kwake, mbele yao, hata kama mikono itamtoka damu. Sultani Shamhuni aliishi miaka mingi baada ya hayo, na kila mwanzo wa msimu alikuwa akimngojea mkwewe kwenye lango la bustani, miguu mitupu, akimwambia, "Karibu, Amiri. Kagua."