Shaame, Kima na Mkebe wa Kungumanga

Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sogeeni karibu na moto. Anayetaka kucheka acheke, ila asinimwagie chai.

Hapo zamani za kale, simu zilipokuwa zimeshafika lakini akili bado ziko njiani...

"Bibi, zamani za kale kulikuwa na simu?"

Anayesimulia ni nani, Tatu? Basi nyamaza.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Mkasi, mpishi wa harusi. Pilau yake ikipikwa mtaa wa juu, watu wa mtaa wa chini walianza kunawa mikono. Mwanawe wa pekee aliitwa Shaame. Sauti yake ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika, na vindevu vyake vya kuhesabika alivichana kila asubuhi. Rafiki yake alikuwa Kima, mwenye mkia mrefu na maneno marefu zaidi, ambaye hajapika hata uji lakini alijua kila kitu.

Siku moja Kima akaja mbio. "Shaame mwanangu! Nimeona kwenye simu ya binamu yangu. Kungumanga ya mama yako inalevya! Tena ni ya bure. Watu wanaitia kwenye maandazi kila siku, itakudhuru vipi?"

Shaame akaona huyo ndiye msomi. Akaingia jikoni, akafungua mkebe. Kungumanga akafumbua macho, akaimba:

"Nitie chunguni, nitanukia nyumba nzima.
Nile kwa ulevi, nitakunyima uzima."

Imbeni, watoto!

"Nitie chunguni, nitanukia nyumba nzima! Nile kwa ulevi, nitakunyima uzima!"

Shaame akaogopa, akatoka mbio. Kima akacheka mpaka akaning'inia kwa mkia. "Mwanamume mzima unatishwa na kiungo cha pilau! Kesho utaikimbia chumvi."

Wanangu, kijana unaweza kumwambia usiingie motoni asikusikie, lakini mwambie ni mwoga, ataingia na viatu. Shaame akarudi jikoni. Kungumanga akaimba tena. Shaame akaziba masikio, akamla.

"Akamla mzima mzima, Bibi?"

Alimla kwa ujinga, hicho ndicho kipimo chake.

Wakakaa nyuma ya nyumba kungoja raha. Jua likaanza kushuka, raha haijaja. Kima akasema, "Labda mama yako kauziwa mbovu." Hata hajamaliza, Shaame akaanza kutapika. Mdomo ukamkauka kama aliyetafuna majivu. Moyo ukamdunda. Akamtazama mbuzi wa jirani, akamwona amevaa miwani na kumdai kazi ya shule. "Mwalimu, naileta kesho!" akalia, akaanguka.

Na Kima? Alikuwa ameshapanda juu ya mti wa mshelisheli.

Bi Mkasi akarudi kutoka harusini, akamkuta mwanawe chini, macho mekundu, hajitambui. Akapiga ukelele. Majirani wakajaa. Hapana hata mmoja aliyeuliza kijana kala nini. Wote waliuliza nani kamtupia jicho baya! Akaitwa Mzee Faki, fundi wa kupunga pepo. Akafukiza ubani, akamwinamia Shaame.

"Wewe uliyempanda kijana huyu, unataka nini?"

"Maji," akanong'ona Shaame.

"Mmesikia? Jini wa baharini huyu! Leteni ngoma!"

Ngoma zikapigwa. Moshi ukazidi, na Shaame pumzi zikapungua. Bi Mkasi akatazama juu ya mti. "Kima, baba, wewe ulikuwa naye. Mwanangu kala nini?"

"Mimi? Nilipita kumsalimia tu."

Hapo ndipo mimi hasira hunipanda, hata leo. Mwenzako anakufa, wewe unaogopa bakora!

Basi Kungumanga, kile kipande chake kilichobaki, akaruka ndani ya mkebe, akaruka tena, mpaka mkebe ukaanguka na kubingirika hadi miguuni mwa mama. "Mkasi! Hakuna jini hapa. Mwanao kanila mimi!"

Bi Mkasi akamsukuma Mzee Faki na ngoma zake. Akambeba mwanawe, akaubeba na mkebe, mbio hospitali. Daktari alipouona mkebe akajua anatibu nini. Mama akakaa kwenye benchi, hajui pilau atakayoipika baadaye ni ya harusi ya watu au ya hitima ya mwanawe. Alilia, watoto. Alilia sana.

"Alikufa, Bibi?"

Alipona, lakini kwa shida. Hata alipolala kwenye kitanda cha kwao, kichwa kikachungulia dirishani.

"Shaame mwanangu! Binamu yangu anasema kumbe kinacholevya ni mdalasini!"

"Sawa," akasema Shaame. "Anza wewe."

"Mimi?" Kima akashangaa kweli. "Wee! Mimi hata ile kungumanga sikuionja. Mimi nina akili zangu."

Shaame akajikokota hadi dirishani. Kisha akafunga dirisha.

Wanangu, kitu kukaa jikoni hakukifanyi kiwe mchezo. Mwenzenu akianguka, semeni alichokula, hata kama mtachapwa. Na anayekuhimiza ule kitu, mtazame kwanza yeye mdomo wake kama unatafuna.

Ngano yangu imefika hapo, nami nimenyamaza.