Gitaa Lenye Ukurutu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa jiwe.
Jiwe gani?
La kijani, gumu kuliko kichwa cha jirani yangu.

Basi hapo kale Pimbi alikuwa fundi wa magitaa, mdogo wa mwili, mkubwa wa kazi. Kila akimaliza gitaa, Kiboko hutoka mtoni, pu! pu! pu!, akalibeba. Kupiga hajui, anatundika ukutani tu. Pimbi alivumilia, maana teke moja la Kiboko lingemmaliza yeye na ukoo wake.

Lakini safari hii gitaa lilikuwa la harusi ya binti yake, Mkunde. Pimbi alilichongea nyota kifuani, mifereji myembamba ya kujazwa jiwe lililosagwa. Jiwe likakataa kusagika. Kiboko akaja, pu! pu! pu!, akadai gitaa. Pimbi akamwambia kweli tupu: halijaisha, jiwe limemshinda, linataka meno ya mkubwa. Kiboko akavimba kwa sifa. Akalitia jiwe kinywani, kacha! kacha! kacha!, akatema unga wa kijani na kipande cha jino.

Pimbi akajaza unga mferejini, akaweka jino katikati, akamwaga gundi mpaka ikafurika. Kesho yake ilikuwa imekauka, imevimba, ina mabaka kama ukurutu. Kiboko akaja, pu! pu! pu!, na wanyama wote nyuma wa kumshangilia.

"Ndiyo nyota yenyewe hii?"

"Ndiyo hii, bwana," akasema Pimbi, akaangua kilio.

"Basi silitaki. Kaa nalo, wala asije mtu akaniletea nyumbani kwangu."

Pimbi akauliza kwa kwikwi kama kweli amemwachia. Kiboko akarudia kwa sauti, wote wakasikia.

Alipogeuka tu, Pimbi akafuta machozi, akashika msasa. Kwaru, kwaru, kwaru! Ukurutu ukadondoka. Kwaru, kwaru, kwaru! Ikachomoza nyota ya kijani, laini, inang'aa, na katikati jicho jeupe. Pimbi alifurahi mpaka akajikumbatia mwenyewe.

Harusini alilipiga gitaa hadi vumbi likatimka. Kiboko, shavu limemvimba, akalitambua jino lake, akafungua kinywa adai. Wanyama wote wakamgeukia. Akakifunga. Kisha, maskini, miguu ikamshinda, akacheza.

Hadithi imekwisha, nimeifuta vumbi nimeitundika, atakaye aishushe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: semeni kweli daima, kama Pimbi. Hakudanganya hata neno moja. Alilia tu.